Tochi Inayowaka Ikigongwa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Tochi ninayoizungumzia ni ndogo, ya kuenea kiganjani, yenye mwili wa alumini mweusi, taa moja ya LED mbele na swichi ya kubonyeza mkiani. Inatumia betri 3 za AAA. Betri hizo haziingii moja moja. Hupangwa kwanza ndani ya kikasha cha plastiki cha duara, kisha kikasha kizima husukumwa ndani ya mwili na kifuniko cha nyuma hufungwa kwa hesi. Ni muundo wa kawaida sana, na ndiyo maana naona kisa chake kinafaa kuelezwa kwa urefu. Tochi nyingi za aina hii zimelala kwenye droo zikisubiri kutupwa, ilhali kinachozisumbua ni kitu kidogo kinachotengenezeka nyumbani.

Dalili zilikuwa hizi. Ukibonyeza swichi, inawaka vizuri. Ukianza kutembea nayo, mwanga unafifia, unarudi, unafifia tena. Mara nyingine unazimika kabisa, na ukiigonga tochi kwenye kiganja inawaka. Ukikisukuma kifuniko cha nyuma upande mmoja kwa kidole gumba, mwanga unatulia. Betri mpya zilitiwa, tochi ikawa nzima kwa muda, kisha ikarudia tabia yake ileile.

Mtu akikabidhiwa tochi kama hii, mkono humwenda kwenye msasa. Anafungua kila kinachofunguka, anasugua kila chuma anachokiona, anafunga, tochi inawaka, kazi imekwisha. Mimi napinga njia hiyo, na nitaeleza kwa nini. Hitilafu inayokuja na kuondoka hupatikana wakati iko hai tu. Ukifungua na kusugua vyote kwa mpigo, umehamisha kila mguso kutoka mahali ulipokuwa. Huenda umegusa penye ubovu, huenda umepasogeza tu kidogo pakakaa sawa kwa wiki kadhaa. Hutajua. Tochi itawaka mezani mchana kweupe, halafu itazimika usiku mtu akiwa ngazini. Kwa hiyo katika kisa hiki hakuna kilichosafishwa mpaka pale pabovu palipojulikana.

Dalili zenyewe zinasema nini

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: nini kinaichochea hitilafu? Kuna tochi zinazozimika kwa mtikiso, kuna zinazozimika kwa joto, na kuna zinazofifia polepole kadiri muda unavyokwenda. Hizo ni hitilafu tatu tofauti, hata kama mwenye tochi anazielezea kwa maneno yaleyale kwamba "inazima zima".

Inayowaka vizuri ikiwa baridi, ikazimika baada ya dakika kadhaa, kisha ikarudi ikipoa, mara nyingi ina kiungo cha lehemu kilichopasuka karibu na LED. Metali hutanuka kwa joto, ufa unafunguka, umeme unakatika. Ikipoa ufa unajifunga. Inayofifia polepole bila kurudi hata ukiigonga ina betri zilizochoka, au moja kati yake imechoka kuliko wenzake. Lakini inayozimika kwa mtikiso na kurudi kwa kugongwa ina mguso uliolegea au uliochafuka mahali fulani, yaani vipande viwili vya chuma vinavyopaswa kushikana havishikani imara. Tochi yetu ni ya kundi hili, na ushahidi wa kidole gumba kwenye kifuniko cha nyuma ulikuwa tayari unaonyesha upande wa kuanzia.

LED yenyewe niliiondoa kwenye orodha ya washukiwa mapema. Balbu za zamani zilikuwa na uzi mwembamba uliokatika kwa mtikiso. LED haina uzi huo. Inaweza kufa, na ndani yake kuna viunganishi vidogo vinavyoweza kuachia, lakini hilo ni la nadra mno kiasi kwamba si busara kuanzia hapo.

Kwa nini betri mpya zilidanganya

Hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi hupotezwa. Betri mpya zikiiponya tochi, inaonekana dhahiri kwamba zile za zamani ndizo zilikuwa mbovu. Kumbe kuna mambo mawili yanayotokea wakati wa kubadilisha betri, na hakuna hata moja linalogusa ugonjwa.

La kwanza ni la mikono. Kutoa betri na kuingiza nyingine ni kukwaruza. Ncha ya betri inasugua kibati, yaani kipande cha chuma kinachopokea umeme wake, springi inabonyezwa na kuachiwa, kifuniko kinafunguliwa na kukazwa upya. Tabaka jembamba la oksidi (utando unaojengeka chuma kinapokutana na hewa) au uchafu linakwanguliwa na mguso unakuwa mzuri kwa muda.

La pili ni la hesabu. Betri 3 za AAA za alkali zilizounganishwa kwa mfuatano zinatoa volti 4.5. LED nyeupe inahitaji volti 3 na kidogo, tuseme 3.2. Inayobaki ni volti 1.3, na hiyo ndiyo inayosukuma mkondo kupita rezista ndogo iliyo kichwani (kifaa cha kupunguza mkondo), ukinzani wa ndani wa betri, yaani kinachouzuia mkondo usipite kwa wepesi, na kila mguso njiani. Kama mkondo ni ampea 0.3, basi ukinzani wote huo kwa jumla ni kama omu 4.3 (omu ni kipimo cha ukinzani). Sasa mguso mmoja ukiharibika ukaongeza omu 2 tu, mkondo unashuka hadi ampea 0.2 hivi. Theluthi nzima imepotea kwa omu mbili. Lakini kwa betri mpya ampea 0.2 bado ni mwanga wa kutosha kuona njia, na mtu hahisi kasoro. Betri zikishuka hadi volti 1.2 kila moja, jumla ni 3.6, akiba iliyobaki juu ya mahitaji ya LED ni ndogo sana, na mguso uleule ulioharibika unaifanya taa ififie sana. Ugonjwa haukuondoka betri zilipokuwa mpya. Ulifunikwa na wingi wa mwanga.

Kwa hiyo nilizirudisha betri zilizotumika, zile zilizokuwa zimetolewa, ili hitilafu ionekane tena. Kila moja nilipima kwanza kwa mita ya umeme. Jambo la kuangalia hapa: betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti 1.4 ikiwa haifanyi kazi, halafu ikaporomoka mara inapotakiwa kutoa mkondo. Kipimo cha maana ni kile kinachochukuliwa taa ikiwa inawaka. Zangu zilikuwa zimepungua lakini zikilingana, na kulingana ni muhimu. Betri moja dhaifu kati ya tatu husukumwa na wenzake mpaka inageuzwa nguzo zake, na hapo ndipo nyingi huvuja.

Kuigawa njia ya umeme

Njia ya umeme katika tochi hii ni fupi, na inafaa kuisema yote. Kutoka ncha chanya ya kikasha umeme unaingia katikati ya kichwa, unapita rezista na LED, unatoka kwenye mwili wa alumini, unateremka hadi ukingo wa nyuma wa mwili, unaingia kwenye pete ya chuma ndani ya kifuniko, kisha swichi, kisha springi, na kurudi kwenye ncha hasi ya kikasha. Mwili wa tochi wenyewe ni waya. Wengi hawalijui hili, na ndiyo sababu wanapaka mafuta au rangi mahali ambapo umeme unapaswa kupita.

Jaribio la kwanza ni rahisi na halihitaji mita. Nilifungua kifuniko cha nyuma, nikakiweka pembeni, nikachukua kipande kifupi cha waya wa shaba na kugusisha ncha moja kwenye hasi ya kikasha na nyingine kwenye ukingo mtupu wa mwili, pale ambapo hakuna rangi nyeusi. Kwa kufanya hivyo, kifuniko, swichi, pete na springi vyote vimerukwa kwa pamoja. Taa iliwaka, na nilipoitikisa tochi ilitulia zaidi ya ilivyokuwa. Basi ubovu uko kwenye kifuniko.

Tahadhari moja, na ninaisisitiza. Waya huo unakamilisha njia inayopita kwenye LED. Haugusishi chanya na hasi ya betri moja kwa moja. Tofauti hiyo ni kubwa sana pale tochi inapotumia betri za lithiamu zinazochajiwa, zenye volti 3.7 na zinazofika 4.2 zikijaa. Hizo zikigusishwa nguzo zake mbili hutoa mkondo mkubwa kwa ghafla, zinachemka, na zinaweza kuwaka moto. Nyingine zina umbo lilelile la betri ya AA, kwa hiyo soma maandishi kwenye betri kabla ya kufanya chochote. Kama hujui ni ya aina gani, acha jaribio la waya.

Nilisema ilitulia zaidi. Sikusema ilitulia kabisa. Nilipokibonyeza kikasha kwa kidole kuelekea ukutani mwa tochi, mwanga bado ulishuka kidogo. Hapo ndipo kisa hiki kinapotofautiana na vingi: kulikuwa na hitilafu mbili, kubwa ikiificha ndogo. Mtu angekaza kifuniko, akaona nafuu kubwa, akafurahi na kufunga kazi, na baada ya miezi kadhaa tochi ingeanza tena.

Ili kuipata ya pili nilikifungua kichwa kutoka mwilini, nikakishikilia kikasha moja kwa moja kwenye kitovu cha kichwa, na waya ukatoka hasi ya kikasha hadi kwenye hesi tupu ya kichwa. (Inasaidia mtu wa pili akishika.) Sasa taa inawaka na kikasha chote kiko wazi machoni. Mita ikiwekwa kwenye kipimo cha volti ndogo za umeme wa betri, nikagusa ncha zake pande mbili za kila kiungo: mwisho wa betri na kibati chake, kibati na riveti (kipini kidogo cha chuma kinachokibana), riveti na ukanda unaokwenda kwenye betri inayofuata. Kiungo kizima hakionyeshi karibu chochote, hata sehemu chache za mia za volti moja hazifiki. Kimoja kilionyesha sehemu kubwa ya volti nzima, na tarakimu zilikuwa zikiruka nilipokigusa. Ni ile riveti ndogo inayopita kwenye plastiki, upande wa hasi wa betri ya pili. Chini yake kulikuwa na unga mweupe kidogo wenye ukingo wa kijani.

Kipimo hiki hakifanyi kazi taa ikiwa imezimwa. Mita ya volti inavuta mkondo mdogo mno, kwa hiyo hata kiungo kibovu kinaonekana kizima. Mkondo lazima upite ndipo ubovu ujidhihirishe.

Kifuniko

Kifuniko kilikuwa kazi ndogo. Ndani yake swichi imekaa juu ya kibao kidogo cha saketi, na kibao kimeshikwa na pete yenye hesi na vitundu viwili. Pete ilikuwa imelegea zaidi ya nusu mzunguko. Kila tochi ilipotikiswa, kibao kilicheza, na pete iliyopaswa kukandamizwa na ukingo wa mwili ilikuwa ikigusa na kuachia. Kidole gumba upande mmoja kiliilazimisha iguse.

Kabla ya kuikaza niliipima swichi yenyewe kwa kipimo cha omu. Kwanza gusisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe uone nyaya zake zina ukinzani gani, maana hata hizo huonyesha sehemu ya omu. Kisha pima swichi na utoe kiasi hicho. Ibonyeze mara nyingi na uangalie kama jibu linarudi lilelile. Swichi iliyoungua ndani hutoa jibu tofauti kila inapobonyezwa. Hii ilikuwa nzima, na sikuona sababu ya kuifungua.

Pete niliikaza kwa koleo lenye mdomo mwembamba, ncha zake zikiwa kwenye vile vitundu viwili. Kaza kwa upole; hesi za alumini ni laini na zikiliwa hakuna pa kurudi. Ukingo wa nyuma wa mwili niliufuta kwa pamba yenye spiriti, kisha kwa kifutio cha penseli mpaka ukang'aa. Msasa sikuutumia hapo. Alumini ikikwanguliwa hujifunika oksidi mpya mara tu inapokutana na hewa, na oksidi hiyo haipitishi umeme; kinachoifanya tochi ifanye kazi ni shinikizo la pete kulipasua tabaka hilo jembamba. Uso tambarare unaokandamizwa sawasawa unafaa kuliko uso uliokwaruzwa. Rangi nyeusi ya mwilini nayo ni oksidi iliyokuzwa makusudi kuwa nene, na mahali palipo nayo hapapitishi umeme kabisa, kwa hiyo usitegemee hesi zilizofunikwa nayo.

Mpira wa duara unaozuia maji nilipaka mafuta kidogo ya silikoni, kwenye mpira tu. Mafuta yanayomwagikia ukingo wa mguso hukusanya vumbi. Mafuta ya kupikia yasitumike popote, hukauka yakawa gundi. Na mafuta ya kujipaka yatokanayo na petroliamu huvimbisha baadhi ya aina za mpira.

Kikasha

Hapa ndipo palipohitaji subira. Unga ule mweupe ni mabaki ya betri ya alkali iliyovuja zamani. Ndani ya betri hizo mna potasiamu haidroksaidi, ambayo ikitoka nje hukutana na hewa ya kaboni dioksaidi na kuwa potasiamu kaboneti, huo unga. Ni alkali kali inayounguza ngozi na macho, kwa hiyo vaa glovu na usiupulize kwa mdomo. Dawa yake ni asidi nyepesi: kijiti chenye pamba kilicholowa siki au maji ya limau. Kinapogusa utaona povu dogo, ndiyo kaboneti ikivunjwa. Povu likikoma, futa kwa pamba yenye maji, maana siki ikiachwa nayo inakula chuma, kisha futa kwa spiriti na uache pakauke kabisa. Betri za kaboni na zinki zikivuja huacha kitu chenye asidi, siyo alkali, na hizo hufutwa kwa maji yenye magadi kidogo. Kuchanganya dawa hizi mbili ni kupoteza kazi, basi angalia kwanza betri iliyovuja ilikuwa ya aina gani.

Kusafisha pekee hakukutosha. Riveti na ukanda wake vilikuwa vimeshikana kwa kubanwa tu, bila lehemu, na kutu ilikuwa imeingia katikati yao ambako kijiti hakifiki. Kibati kilikuwa kimepakwa nikeli, na pale nikeli ilipoliwa chuma cha ndani kilikuwa kimeanza kupata kutu. Kusugua zaidi kungeondoa nikeli iliyobaki. Nilichofanya ni kukwangua kidogo sana ukingo wa riveti, kupaka dawa ya kulehemu, na kuunganisha riveti na ukanda kwa tone la lehemu. Betri ziwe zimetolewa zote, na pasi ya kulehemu iguse kwa sekunde mbili au tatu tu. Plastiki ya kikasha inalainika haraka na riveti ikizama imepotea. Kama plastiki inaanza kung'aa, ondoa pasi, subiri ipoe, rudia.

Asiye na pasi ya kulehemu anaweza kuibana riveti kwa koleo kutoka pande zote mbili mpaka ishikane upya. Itafanya kazi, ila unyevu utarudi kuingia mlemle.

Njia moja naikataa moja kwa moja, nayo ni kusokomeza karatasi ya foili kati ya betri na kibati. Inawasha taa, ndiyo. Lakini foili hujikunja, husogea, na ndani ya kikasha ambamo nguzo za betri tatu ziko karibu karibu, kipande kilichosogea kinaweza kuunganisha chanya na hasi. Tena nayo ni alumini, yenye oksidi ileile.

Baada ya kufunga

Jaribio la mwisho nililifanya kwa betri zilezile zilizochoka. Macho hutambua mtikisiko mdogo kwenye mwanga hafifu kuliko kwenye mwanga mkali, kwa hiyo betri mpya si za kupimia matengenezo. Tochi ilitikiswa, ikagongwa, kifuniko kikasukumwa pande zote, ikaachwa inawaka mpaka kichwa kikapata joto ili kujua kama kuna kiungo kinachoachia kwa moto. Mwanga haukucheza. Kisha kifuniko kikatolewa na mita ya ampea ikawekwa mahali pake, kati ya hasi ya kikasha na ukingo wa mwili. Mkondo ulibaki uleule nilipokibonyeza kikasha kama mwanzo. Mita nayo huongeza ukinzani wake njiani, hivyo namba yenyewe huwa chini kidogo ya mkondo halisi. Kinachotafutwa ni utulivu wake.

Kilichobaki ni vibati viwili ambavyo nikeli yake imechakaa. Havijaharibika bado, na kuvigusa sasa ni kuharakisha kutu. Tochi ikikaa bila kutumiwa, kikasha kinatolewa na betri zinawekwa kando, na vibati hivyo vitatazamwa tena kila betri zinapobadilishwa.